Kibebe anakuponyoka? Anza kukagua nusu mita ya mwisho

Kibebe wa mto Malagarasi, yule ambaye wageni humwita samaki tiger kwa mistari yake myeusi ya ubavuni, kitaalamu ni Hydrocynus vittatus. Ndugu yake wa bonde la Kongo, Hydrocynus goliath, ndiye mwenye rekodi ya kilo 44 ya mwaka 1988. Rekodi ya dunia ya huyu wa kwetu ni kilo 16.1, samaki aliyevuliwa ziwa Kariba mwaka 2001. Usisubiri wa kilo 16 ndipo uvitazame vifaa vyako. Wa kilo tatu anatosha kunyoosha ndoana, kukata mshipi na kukuacha umeshika fimbo kwa macho makavu.

Kuanzia Uvinza hadi Ilagala, na kule juu kwenye mito ya Ugalla na Moyowosi, wavuvi wa fimbo hulalamika yale yale, na hitimisho lao ni moja: "Ana nguvu mno." Nguvu anazo kweli. Lakini ukifuatilia alipoponyokea, mara nyingi utaikuta hitilafu katika nusu mita ya mwisho ya mshipi, yaani kwenye ndoana, kwenye ule waya wa mbele yake unaozuia meno, au kwenye fundo. Kwa hiyo tunaanzia huko, kwenye vitu vya bei ndogo, kabla hujailaumu rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, au mto.

Vipimo vilivyomo humu vinachukulia una fimbo ya futi 7, rili ya saizi 4000, uzi wa kusukwa wa kilo 14 (ndio ule wa ratili 30) usiopungua mita 150, na waya wa kilo 14 hadi 18. Kama vyako ni vizito au vyepesi zaidi, rekebisha kwa uwiano huo huo.

Anapiga, anaruka mara moja, anatema

Hili ndilo lalamiko namba moja, na tutakaa nalo kuliko mengine yote. Kinywa cha kibebe hakina nyama laini ya kushika ndoana. Ni mfupa na meno yaliyopishana, na akifunga taya anaweza kukibana chambo chako kwa nguvu bila ndoana kuchoma popote. Unadhani umemnasa, kumbe ni yeye aliyekishika. Akiruka na kupanua mdomo, kazi imeisha.

Kagua kwa mpangilio huu.

1. Ndoana butu. Ndiyo sababu ya kwanza kwa umbali mkubwa. Weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba bila kuikandamiza, kisha ivute taratibu. Ikishika ukucha, ni kali. Ikiteleza, ni butu, hata kama umeitoa kwenye pakiti leo asubuhi. Noa kwa tupa ndogo ukielekea nchani, mikwaruzo miwili mitatu kila upande, usizidishe, maana ncha nyembamba kupita kiasi hujikunja kwenye mfupa. Kagua tena kila baada ya samaki, na kila ndoana inapogusa jiwe.

2. Ndoana nyembamba. Vyambo bandia vingi vimetengenezwa kwa ajili ya samaki wa nchi za baridi wenye midomo laini. Ndoana zake za ncha tatu ni za waya mwembamba, na kibebe huzinyoosha au kuzivunja. Ng'oa zote, weka za waya mnene za saizi 1 au 1/0, na ubadilishe pia zile pete ndogo zinazoshikilia ndoana. Wengi hubadilisha ndoana wakaacha pete ya zamani, kisha pete ndiyo inayofunguka. Ukishamaliza, vuta chambo pembeni mwa mtumbwi ukitazame. Ndoana nzito zikikifanya kilale ubavu au kisitikisike, shuka saizi moja.

3. Kijino cha ndoana. Kile kijino kinachorudi nyuma ili ndoana isichomoke huongeza unene mahali ambapo ndoana inatakiwa kupenya mfupa. Kibane kwa koleo kilale. Wengi huogopa kwamba samaki atachomoka kirahisi, lakini kwa kibebe mambo huenda kinyume: ndoana isiyo na kijino huzama zaidi, na ilimradi mshipi haulegei, haitoki. Faida ya pili utaiona kwenye sehemu ya majeraha.

4. Kushtuka na kuinua fimbo juu. Chambo kikipigwa, mkono wa kila mtu hutaka kupaa. Fimbo ikipaa, nguvu yote huishia kwenye kupinda kwa fimbo. Ielekeze fimbo kwenye maji, zungusha rili mpaka usikie uzito wa samaki mwenyewe, ndipo uvute ubavuni kwa kishindo kifupi, mara mbili au tatu mfululizo. Kama unatumia ndoana za duara kwa chambo cha nyama, usivute kabisa. Zungusha rili tu, ndoana itajigeuza yenyewe kwenye kona ya taya.

5. Mshipi uliopinda ndani ya maji. Ukitupa kukatiza mkondo, maji huubeba mshipi ukafanya tumbo. Samaki akipiga, unavuta tumbo la mshipi na ndoana haisogei. Tupa ukielekeza chini ya mkondo kwa mshazari, au sogeza mtumbwi.

6. Nailoni. Mshipi wa nailoni huvutika, na ukiwa umetoa mita 40, mvuto wako hufika kwa samaki ukiwa umekufa. Uzi wa kusukwa hauvutiki. Nailoni iache kwa perege.

Kuhusu kuruka kwenyewe: ukiona mshipi unapanda kuelekea juu ya maji, anakuja kuruka. Shusha ncha ya fimbo, ikibidi izamishe majini, uvute kwa ubavu huku ukiendelea kuzungusha rili. Lengo ni kichwa kisitoke nje. Akitoka, asikute mshipi umelegea hata kidogo. Kumpa nafasi apumue, kama baadhi wanavyoshauri, ni kumfungulia mlango.

Ukifanya haya yote na bado anatema mara nyingi, tazama chambo. Mikwaruzo ya meno ikiwa kichwani na ndoana iko mkiani, tatizo si wewe. Hamishia ndoana mbele, au tumia chambo kifupi zaidi. Ikiwa mikwaruzo iko mkiani peke yake, anakifuata kwa kusitasita, na hapo ongeza kasi ya kuvuta.

Mshipi unarudi mtupu

Usiitupe ncha iliyorudi. Isome, ndiyo itakayokuambia nini kimetokea.

Ncha iliyokatwa safi, bila nyuzi kuchomoza, ni meno. Kama imekatwa juu ya waya, basi waya ni mfupi au samaki wa pili alikigonga kiungo. Kibebe huwinda kwa kundi, na mmoja akinaswa wengine hufukuzia kitu chochote kinachong'aa karibu naye, ikiwemo swiveli, yaani kile kiungo kidogo kinachozunguka kati ya mshipi na waya, ikiwa ya rangi ya fedha. Tumia swiveli nyeusi. Urefu wa waya uwe sentimita 30 hadi 45 kwa chambo bandia, na 50 hadi 60 kwa chambo cha nyama, kwa kuwa hicho humezwa kwa kina.

Ncha iliyochakaa, yenye nyuzi zilizotawanyika, imesugua jiwe au kisiki, au pete ya fimbo imepasuka. Chukua pamba au kipande cha soksi ya nailoni, kipitishe ndani ya kila pete ya fimbo ukikizungusha. Kikinasa, pete hiyo ina ufa. Hata ufa usioonekana kwa macho unakata uzi wa kusukwa. Hakuna gundi ya kuurekebisha, pete hubadilishwa nzima. Wakati huo huo kata mita mbili tatu za mwisho za mshipi na ufunge upya.

Ncha iliyojikunja, ikabaki na alama za mizunguko ya fundo, ni fundo lililoteleza. Uzi wa kusukwa ni laini na huteleza kwenye mafundo yaliyozoeleka kwa nailoni. Fundo la Palomar linatosha, na halihitaji ufundi: kunja uzi mara mbili kama sentimita 15, upitishe kwenye tundu la swiveli, funga fundo la kawaida moja bila kulikaza, kisha pitisha swiveli nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lilowanishe kwa mate au maji ndipo uvute, maana fundo kavu hujichoma lenyewe kwa msuguano. Acha mkia wa milimita 4, usikate sawasawa na fundo.

Waya ukirudi umekatika wenyewe na mwisho wake umejikunja, ulikuwa na kikunjo. Waya wenye kikunjo hata kimoja hautengenezeki kwa kunyooshwa. Kata, tupa. Waya wa nyuzi saba hutoa dalili mapema, uzi mmoja mmoja hukatika na kukuchoma vidole, na ukiona huo mmoja usisubiri wa pili. Waya mmoja mnene una nguvu lakini hujikunja kirahisi. Kipande cha kebo ya breki ya baiskeli, ambacho wengine hukitumia, kinaweza kukuvusha siku moja, ila hushika kutu kwa ndani ambako huoni.

Mwisho, vile vibomba vya kubania waya. Kikiwa kikubwa kuliko waya, waya huchomoka. Ukikibana kwa meno ya koleo ya kawaida, kinaukata waya. Tumia koleo ya kubania yenye mashimo, bana katikati na si ukingoni, kisha ufunge ncha moja kwenye msumari na uivute nyingine kwa koleo kwa nguvu zako zote. Kama kitachomoka, kichomokee nyumbani.

Mshipi unakatika yeye akikimbia, hata kama hakuna alama ya meno

Hapo ni breki ya rili imekazwa mno. Kuipima kwa vidole ni kubahatisha. Ning'iniza mizani ndogo ya sokoni mwishoni mwa mshipi, mwenzio ashike rili, uvute moja kwa moja. Rili inapoanza kuachia, mizani isome robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 14, hiyo ni kati ya kilo tatu na nusu na kilo nne na nusu. Ukumbuke kwamba fimbo ikipinda, msuguano wa kwenye pete unaongeza mzigo, kwa hiyo usiende juu ya theluthi.

Breki ikishtuka, yaani inaachia, inashika, inaachia, hapo zile sahani za ndani zimechafuka, zimelowana au zimekandamizwa muda mrefu. Legeza nati ya breki, toa spuli (kile kibiringi kinachobeba mshipi), futa maji, acha ikauke kivulini. Kila ukimaliza kuvua ilegeze kabisa kabla ya kuihifadhi. Usitie mafuta ya pikipiki wala ya kupikia. Rili huwa na grisi maalumu ya breki, na kiasi chake ni kidogo, cha kung'arisha sahani tu.

Kukwaruza ukizungusha mkono wa rili ni mchanga au beringi. Kama rili imeanguka kwenye mchanga wa ufukweni, usiendelee kuizungusha hata mara moja. Isuuze nje kwa maji matamu kidogo, breki ikiwa imekazwa ili maji yasiingie, ikaushe. Sauti ikibaki, hapo ndipo pa kumwachia fundi. Ukifungua kifuniko cha ubavuni bila kuijua rili hiyo, kuna springi ndogo itakayoruka, na vipuri vya kufuatisha si vya kupatikana Mwanga, Kigoma, wala sokoni Tabora mjini. Kama mshipi wote unazunguka juu ya spuli huku breki haisogei, hiyo si hitilafu ya rili. Uzi wa kusukwa umefungwa juu ya chuma tupu. Utoe, anza na mita kumi za nailoni kama msingi, kisha uzi juu yake.

Siku nzima hakuna anayegusa

Kabla ya kubadilisha vyambo, tazama maji. Kibebe huwinda kwa macho. Zamisha kijiko cheupe pembeni mwa mtumbwi, na kikipotea machoni kabla ya kufika sentimita 40, hapo mpo wawili msioonana. Mvua za huku huanza Novemba hadi Aprili, na Malagarasi hubaki imejaa hata mvua zikishakata, kwa sababu mabwawa ya juu, yale ya ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi (ndiyo Moyowosi) yaliyoorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2000, huachia maji taratibu. Tafuta sehemu ambapo kijito chenye maji safi kinaingia kwenye mto mchafu, uvue kwenye mpaka wa rangi mbili.

Baridi nayo inahusika. Juni na Julai usiku wa Tabora si wa mchezo, na maji yakipoa kibebe hupungukiwa na hamu. Msimu wa kumtafuta ni Agosti hadi Oktoba, joto likipanda na mto ukiwa umepungua. Katika miezi ya baridi usiende alfajiri. Nenda saa nne asubuhi, jua likishagusa maji. Miezi ya joto fanya kinyume chake: alfajiri na jioni.

Kama maji na msimu viko sawa, angalia mahali ulipo. Kibebe hakai kwenye maji yaliyolala, wala katikati ya mkondo mkali akijichosha. Hukaa pembeni mwake: mstari wa povu, ukingo wa fungu la mchanga, chini ya maporomoko, midomo ya vijito. Dakika ishirini bila mguso zinatosha, hama.

Halafu kasi. Wengi wanavuta polepole kama wanavua kuhe. Ukiona samaki anakifuata chambo kisha anakula kona karibu na mtumbwi, umemchosha. Vuta kwa kasi inayokufanya uone aibu kidogo. Ukubwa usikutishe, anaweza kumeza samaki wa zaidi ya theluthi ya urefu wake. Mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha ushahidi wa kibebe wa aina hii akimkamata mbayuwayu angani, juu ya maji. Mnyama wa namna hiyo haogopi chambo cha kijiko cha sentimita kumi.

Sababu za mwisho ni kelele za kafi kugonga mtumbwi, na waya mnene kwenye maji safi ya kiangazi. Shuka hadi waya wa kilo 9 ukiweza, lakini ujue unacheza kamari.

Simama hapa: usihame kwenda sehemu usiyojua ni ya nani. Mto Ugalla umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2019, na Moyowosi ni pori la akiba. Huko huingii kwa mazoea ya kijijini, unahitaji kibali na askari. Nje ya hifadhi pia, uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, na uvuvi wa michezo una leseni yake. Muulize afisa uvuvi wa wilaya kabla ya safari, pamoja na habari za kufungwa kwa uvuvi. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na ukivua mdomoni mwa mto ni bora ujue mstari wa ziwa unaanzia wapi.

Chambo cha nyama kinarudi nusu

Anakata mkia, anaondoka. Ongeza ndoana ya pili, iliyofungwa kwa waya wa sentimita 6 hadi 8 kutoka kwenye ya kwanza, ikae karibu na mkia wa chambo. Kama bado, punguza chambo: kipande cha mgebuka chenye ngozi, urefu wa kidole cha kati, kilichochongwa chembamba nyuma. Ngozi ndiyo inayokishikilia. Dagaa ni laini, akitupwa mara mbili ametoka. Funga watano sita kwa pamoja na uzi wa mpira. Dagaa na migebuka wabichi hupatikana Kibirizi, Kigoma, asubuhi, na wa jana, hata waliolala kwenye barafu, ni wa kaangio.

Ikiwa chambo kinanyonywa taratibu badala ya kukatwa, si kibebe. Ni gogogo au kambare, umezama chini mno. Punguza risasi ya kuzamishia mshipi au ongeza boya. Gogogo akinaswa, usimshike kwa kiganja. Miiba yake ya mgongoni na ya mapezi ya ubavuni hujifunga ikiwa imesimama, na hutoboa hadi ndani.

Mshipi unajisokota na kufanya vifundo

Kwanza, spuli imejazwa kupita kiasi, acha milimita mbili kutoka ukingoni. Pili, spina (chambo cha bati kinachozunguka) inauzungusha mshipi, weka swiveli yenye beringi, maana ile ya bei ya chini haizunguki ikibeba mzigo. Tatu, na hii wengi hawaijui: unazungusha mkono wa rili wakati samaki anavuta na breki inaachia. Rili ya uwiano wa 5 kwa 1 huuongezea mshipi misokoto mitano kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, na huku hupati hata inchi. Akikimbia, tulia.

Kuusokotoa ni rahisi. Toa kila kitu mwishoni, achia mita 60 nyuma ya mtumbwi unaokwenda, subiri dakika chache, kisha urudishe ukiubana kwa vidole vilivyofungwa kitambaa.

Chambo kimenasa kwenye kisiki

Pitia upande wa pili kwa mtumbwi, uvute kinyume na kilivyoingia. Kikikataa, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, usizungushie mkononi hata siku moja, uzi wa kusukwa hukata hadi mfupa. Vuta kwa mti mpaka ukatike.

Usiingie majini kukifuata. Kiangazi Ugalla hukatika na kubaki mabwawa mabwawa, na mamba na viboko wote hujazana humo humo. Chambo ni shilingi elfu kadhaa tu.

Umemwachia, anageuka tumbo juu

Kwa ukali wake wote, kibebe ni dhaifu akishashikwa. Sababu ya kwanza ni pambano refu kwenye maji ya moto kwa mshipi mwembamba. Ya pili ni muda mwingi hewani kwa ajili ya picha. Ya tatu ni kushikwa kwa mikono mikavu, au kwa kuingizwa vidole kwenye mashavu.

Mtolee ndoana akiwa bado ndani ya neti, majini, kwa koleo ndefu. Ukitaka picha, lowanisha mikono, shika shina la mkia na umtegemeze tumbo, asizidi nusu dakika nje ya maji. Kisha mshike ndani ya neti, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma. Usiiname nje ya mtumbwi kumhudumia, mamba huzijua sehemu ambazo samaki waliochoka huachiwa. Akitoka damu nyingi kwenye matamvua, hatapona, na kama leseni yako inaruhusu kuchukua, mchukue.

Damu ni yako

Meno ya kibebe hukata, hayasagi, kwa hiyo kidonda huwa safi lakini kirefu. Bana kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Maji ya mto si ya kuoshea kidonda. Nenda kituo cha afya kwa chanjo ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ilikuwa lini. Kama kidole hakikunji, hakihisi, au damu inaruka kwa mapigo, usisubiri jioni.

Ndoana ikikuingia, la kwanza ni kumtenganisha samaki na ndoana. Kata mshipi, na kama chambo kina ndoana mbili, kata ile iliyo mdomoni mwa samaki kwa koleo ya kukatia waya. Samaki anayepepesuka ndiye anayegeuza mchubuko kuwa upasuaji. Ndoana iliyobanwa kijino hutoka ilikoingilia, kwa kurudishwa taratibu. Yenye kijino, na iko kwenye nyama ya kawaida ya mkono au mguu, hutolewa kwa uzi: pitisha uzi imara kwenye mkunjo wa ndoana, kandamiza shingo ya ndoana chini dhidi ya ngozi, mwenzio avute uzi kwa ghafla kuelekea ilikoingilia, akiwa amewaondoa wote mbele yake.

Hiyo ni kwa nyama ya kawaida tu. Ikiwa jichoni au karibu nalo, shingoni, kwenye kiungo, au imezama usione mkunjo wake, usiiguse. Ifunike isitikisike, usikandamize jicho, na uelekee hospitali. Kigoma ni Maweni, Tabora ni Kitete. Ukitoka Uvinza au ndani ya Ugalla ni safari ndefu, kwa hiyo usafiri uwe umepangwa kabla hujatupa mshipi wa kwanza, si baada.

Kuna jambo moja linalochelewa kuonekana. Misitu ya Ugalla na Moyowosi ina ndorobo, na ndorobo huvutwa na nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki. Ukipata homa wiki chache baada ya safari, au uvimbe mahali ulipoumwa, mwambie daktari waziwazi ulikuwa wapi, ili pamoja na malaria akupime na malale.